Gombo la Kiebrania katika ardhi ya Mombasa: je, riwaya yangu inasimama?

Mwana wa Ndia Kuu

Waungwana, nawasalimu. Kwa mwaka na nusu nimekuwa nikiandika riwaya ya taharuki yenye mambo ya dini na akiolojia, na sasa nimekwama katika sura ya kumi na nne kwa sababu ya neno moja aliloniambia rafiki yangu tulipokuwa barazani tukinywa kahawa. Naomba wenye ujuzi wanisaidie kabla sijaipeleka kazi hii kwa mchapishaji.

Kisa chenyewe ni hiki. Mafundi wanaochimba shimo la choo nyuma ya nyumba kongwe ya matumbawe, hatua chache kutoka Ngomeni, yaani Fort Jesus, wanagonga mtungi uliozibwa kwa lami. Ndani yake mna gombo la ngozi lililoandikwa kwa Kiebrania. Msichana wa Rabai aitwaye Neema, aliyesomea akiolojia, anaitwa usiku kuja kulitazama, naye anatambua kwamba ni injili isiyojulikana na mtu yeyote duniani, yenye habari itakayoung'oa Ukristo na mizizi yake. Kuanzia hapo watu wanakufa: msimamizi wa mafundi anakutwa akielea karibu na kivuko cha Likoni, padri mzee anatoweka, na wageni watatu wanawasili kutoka Ulaya ili gombo hilo litiwe moto.

Rafiki yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema, "Ngozi haikai Mombasa," kisha akaanza kuzungumzia mpira. Tangu siku hiyo sijaandika ukurasa. Je, ana haki? Na kama anayo, gombo langu lingeweza kuokoka kwa njia nyingine, au lingefika hapa kwa njia gani inayokubalika na akili? Vilevile ningependa kujua sheria inasemaje kuhusu mtu anayefukua kitu cha kale uani kwake.

Chekecheke

Ndugu yangu, rafiki yako amekwambia kweli, na kahawa ile ulipaswa kuilipa wewe. Nimefanya kibarua cha kuchekecha udongo katika machimbo kadhaa ya akiolojia hapa pwani, na najua kinachobaki katika chekecheke jioni: vigae vya vyungu, shanga, vipande vya bakuli za Kichina, mifupa ya samaki na mbuzi, misumari iliyoliwa na kutu, na kwa bahati njema sarafu moja. Ngozi, nguo na karatasi sikuviona hata siku moja.

Magombo ya Bahari ya Chumvi, yaani maandiko ya kale ya Kiyahudi yaliyopatikana katika mapango ya Qumran, yalidumu takriban miaka elfu mbili kwa sababu ya mahali yalipowekwa. Mapango ya Qumran yako katika jangwa la Yudea, kando ya ziwa lililo zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari kuu, ambako mvua ya mwaka mzima ni kidogo mno hata wiki moja mbaya ya masika yetu inaweza kuikaribia. Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na juu ya mvua hiyo kuna mvuke wa bahari, mchwa, kuvu na chumvi. Tena usidhani kwamba huko Qumran kila kitu kilitoka kizima. Pango la nne, lililogunduliwa mwaka 1952, lilitoa maelfu kwa maelfu ya vipande, vingine vidogo kuliko ukucha, na wataalamu walitumia miongo ya maisha yao wakiviunganisha kama mtu anayejaribu kurudisha kikombe kilichovunjika bila kujua kilikuwa na umbo gani.

Kama ni lazima andiko lako liwe chini ya ardhi yetu, lihamishe kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye madini. Mwaka 1979 mwanaakiolojia Gabriel Barkay, akichimba makaburi ya Ketef Hinnom nje ya Yerusalemu ya kale, alipata vijikunjo viwili vya fedha, vidogo kama hirizi, na kuvikunjua bila kuvivunja kukachukua miaka. Ndani yake mlikuwa na maneno ambayo kila mtu aliyekaa kanisani mpaka mwisho wa ibada anayajua: "BWANA akubarikie, na kukulinda." Vijikunjo hivyo ni vya kabla ya magombo ya Qumran kwa karne kadhaa, na hakuna andiko la maneno ya Biblia lililo kongwe kuliko hayo ambalo limepatikana. Lipo pia gombo la shaba, lililotolewa katika pango la tatu mwaka 1952, ambalo lilikuwa limeliwa na kutu kiasi kwamba lilipelekwa Manchester likakatwa kwa msumeno vipande vipande ili lisomeke. Ndani yake hamkuwa na sala wala unabii, bali orodha ya mahali zaidi ya sitini palipofichwa dhahabu na fedha. Hazina yenyewe haijapatikana hadi leo. Ukiniuliza mimi, hiyo peke yake inatosha riwaya tatu.

Kuhusu sheria: chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, anayegundua kitu cha kale hana budi kuwaarifu Makumbusho ya Taifa, na kufukua bila leseni ni kosa. Kwa hiyo msimamizi wako wa mafundi ana sababu nzuri ya kunyamaza hata kabla wageni wa Ulaya hawajapanda ndege. Akitoa taarifa, ujenzi utasimama, mwenye nyumba atakasirika, na mafundi watakosa ujira wa wiki.

Mwalimu wa Kengeleni

Ninafundisha Biblia katika darasa la vijana hapa Freretown, na nimesoma maelezo ya Mwana wa Ndia Kuu kwa furaha mpaka nilipofika kwenye "habari itakayoung'oa Ukristo". Hapo nilishusha pumzi.

Tuanze na lugha. Injili nne tulizo nazo zimetufikia kwa Kiyunani, na zile zisizoingia katika Agano Jipya ambazo ardhi ya Misri imezirudisha ziko kwa Kikopti, lugha ya kale ya Misri, mbali na vipande vichache vya Kiyunani. Mwaka 1945 wakulima waliokuwa wakichimba udongo wa mbolea karibu na Nag Hammadi walipata mtungi uliofungwa, na ndani yake vitabu kumi na viwili pamoja na kurasa za cha kumi na tatu, miongoni mwao Injili ya Tomaso. Huo ndio mtungi wako. Nini kilitokea? Vilipigwa picha, vikatafsiriwa, na leo mwanafunzi yeyote wa chuo cha theolojia anaweza kuvisoma kwenye simu akiwa ndani ya matatu. Injili ya Yuda ilitangazwa kwa kishindo mwaka 2006, na sikumbuki ibada hata moja hapa Mombasa iliyoahirishwa kwa sababu yake. Kanisa ambalo limebishana juu ya maandiko ya namna hiyo tangu karne ya pili haliwatumi watu wenye suti kuja kuchoma karatasi Ndia Kuu.

Jambo linalonigusa mimi ni dogo zaidi, na ninaamini lingemgusa msomaji pia. Gombo kubwa la Isaya lililopatikana katika pango la kwanza lina urefu wa zaidi ya mita 7 na sura zote 66, na liliandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo. Kabla ya hapo, nakala kamili za Agano la Kale kwa Kiebrania zilizokuwa mikononi mwa wasomi zilikuwa za karne ya 10 na ya 11 baada ya Kristo. Pengo la miaka elfu moja lilifungwa kwa siku moja, na walipolinganisha walikuta kwamba Isaya ni yuleyule, pamoja na tofauti nyingi za tahajia na za neno hapa na pale. Lakini Yeremia hakutoka salama namna hiyo. Miongoni mwa vipande vya Qumran vipo vinavyofuata Yeremia mrefu tunayemsoma, na vipo vinavyofuata Yeremia mfupi, aliyekuwa akijulikana katika tafsiri ya Kiyunani tu, na ambaye amepungua kwa takriban sehemu moja ya nane. Maana yake ni kwamba nakala mbili za kitabu kimoja cha nabii zilikuwa zikisomwa wakati mmoja, na watu wale wale waliziweka pangoni pamoja.

Sasa mpe Neema baba ambaye ni mzee wa kanisa kule Rabai, mtu anayejua Yeremia kwa moyo, halafu mwache Neema amweleze hayo mezani. Swali atakaloulizwa na baba yake, "Mstari upi haumo?", lina taharuki kuliko maiti wa kivukoni.

Niongeze jambo la pembeni kwa kuwa tuko Mombasa. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika hapa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wake mchanga upande wa bara huko Nyali, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na mwanachuoni wa Kiislamu wa hapa mjini. Kama kuna karatasi inayostahili kutafutwa katika nyumba zetu kongwe, mimi ningeitafuta ile ambayo mwanachuoni huyo alikwaruza neno na kuandika jingine pembeni.

Bi wa Kibokoni

Mwanangu Mwana wa Ndia Kuu, nimefundisha historia katika shule za sekondari miaka mingi na nimezaliwa katika nyumba ya namna hiyo unayoieleza, kwa hiyo niwie radhi nikikuuliza: wenye nyumba wako wapi? Umetaja mafundi, padri, wageni na msichana wa Rabai. Nyumba ya matumbawe iliyo nyuma ya Ngomeni ina wenyewe, ina bibi anayejua kila jiwe lilivyokaa, na haiwezekani shimo lichimbwe uani mwake yeye asijue kilichotoka humo kabla ya adhuhuri.

Kuhusu njia ya kufika, usihangaike kulileta gombo kutoka Yudea moja kwa moja, kwani hakuna atakayekuamini. Lilete kutoka India. Cochin kulikuwa na Wayahudi waliokuwa na magombo yao ya Torati, na sinagogi lao lilijengwa mwaka 1568. Goa iliyotawalwa na Wareno ilikuwa na Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kuwahukumu walioshukiwa kupotoka katika imani, tangu mwaka 1560, na waliokuwa wakiandamwa sana mwanzoni ni wale walioitwa Wakristo Wapya, yaani watu wenye asili ya Kiyahudi waliobatizwa, wakishukiwa kwamba majumbani mwao bado wanashika Sabato. Askari na manahodha wa Goa ndio waliokuja kukaa Ngomeni tangu ilipojengwa kati ya 1593 na 1596. Askari mmoja mwenye babu wa namna hiyo, aliyebeba kipande cha Torati ndani ya mtoto wa sanduku, hahitaji muujiza wowote ili afike Mombasa. Anahitaji merikebu tu, nazo zilikuwapo.

Tena kama unataka dini, damu na hati za siri katika mji huuhuu, usiyapite yaliyotokea mwaka 1631. Yusuf bin Hasan, mwana wa sultani wa Mombasa, alichukuliwa mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala, na mwezi wa Agosti mwaka huo akaingia Ngomeni, akamuua nahodha wa Kireno na kuirudia dini ya baba zake. Waliuawa Wareno, na waliuawa pia Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha imani yao. Ushahidi wa viapo juu ya vifo hivyo ulikusanywa Goa muda si mrefu baadaye, na upo mpaka leo. Hata barua za Kiswahili zilizo miongoni mwa kongwe kuliko zote tunazozijua, za mwanzoni mwa karne ya 18, ziko Goa. Sisi tuliokaa hapa tulibaki na kuta, na karatasi zikapanda merikebu, jambo linalomuunga mkono rafiki yako wa kahawa kwa namna yake.

Ombi langu la mwisho: usimfanye shehe kuwa mlinzi wa siri anayenong'ona gizani. Tumechoka.

Karani wa Kilindini

Mimi si msomi wa Biblia. Nimekuwa wakala wa forodha kwa zaidi ya miaka ishirini, na kazi yangu ni kusoma karatasi zinazofuatana na mzigo kabla ya kuutazama mzigo wenyewe. Nimeshangaa kwamba mpaka sasa hakuna aliyeuliza swali ambalo mimi huanza nalo: gombo hili, kabla ya kufika hapa, lilikuwa kwa nani?

Mwaka 2017 kampuni ya Hobby Lobby ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 3 na kurudisha maelfu ya vitu vya kale vya Iraki, ambavyo baadhi yake vilikuwa vimeingizwa Marekani katika vifurushi vilivyoandikwa kuwa ni sampuli za vigae vya udongo. Nilicheka niliposoma, kwa sababu uongo huo naujua, nimeuona ukiandikwa juu ya mitumba na juu ya vipuri. Wenye kampuni hiyo ndio waliokuwa msitari wa mbele katika kuanzisha Makumbusho ya Biblia mjini Washington, yaliyofunguliwa mwaka huohuo, na humo vilikuwamo vipande 16 vilivyosemekana kuwa vya Magombo ya Bahari ya Chumvi. Mwaka 2020 uchunguzi ulioagizwa na makumbusho yenyewe ulitoa jibu: vyote 16 ni bandia. Ngozi ilikuwa ya kale kweli, na yumkini ilitoka kwenye viatu vya zamani, lakini maandishi yalikuwa ya siku zetu. Wachunguzi waliona wino umetiririka ndani ya nyufa za ngozi na kushuka ukingoni mahali palipovunjika, na wino haushuki ukingoni ila ukingo uwe umekwisha kuwapo wakati wa kuandika.

Hapo ndipo wengi wanapotatizwa na kipimo cha kaboni 14. Kipimo hicho kinaeleza mnyama alikufa lini, hakielezi nani aliandika juu ya ngozi yake. Kipande cha mafunjo kilichotangazwa Roma mwaka 2012, kikisema Yesu alitaja "mke wangu", kilipimwa na mafunjo yakaonekana kuwa na zaidi ya miaka elfu moja. Kiliangushwa kwa njia mbili: sarufi ya Kikopti ilikuwa imenakiliwa pamoja na kosa lake kutoka tafsiri ya Injili ya Tomaso iliyokuwa kwenye intaneti, na mwaka 2016 mwandishi wa habari Ariel Sabar alifuatilia karatasi za umiliki mpaka akamfikia aliyekuwa nacho. Yaani alifanya kazi yangu.

Kwa hiyo, Mwana wa Ndia Kuu, mimi ningeigeuza riwaya juu chini. Gombo lako ni la bandia, na limetengenezwa na mtu anayejua sana. Lakini kitu cha bandia kinahitaji mahali pa kuzaliwa, na Bi wa Kibokoni amekwisha kumpa mghushi huyo hadithi nzuri kuliko zote: askari wa Goa, mababu Wayahudi, Ngomeni. Mtungi umezikwa uani wiki tatu kabla ya mafundi kuja, ili "upatikane" mbele ya mashahidi wanyofu wasiojua lolote. Na anayeufichua uongo huo ni Neema kwa neno lilelile la rafiki yako, kwamba ngozi haikai Mombasa. Gombo limetoka zima kupita kiasi.

Mwalimu wa Kengeleni

Nimeipenda njia ya Karani, ila niweke breki kidogo. Tukisema kila kisicho na karatasi ni bandia, tutayatupa hata magombo ya Qumran yenyewe. Wachungaji wa Kibedui waliyatoa pangoni mwaka 1947 au karibu na hapo, yakapitia dukani kwa fundi viatu wa Bethlehemu aliyeitwa Kando, na mwaka 1954 manne kati yake yalitangazwa katika gazeti la Wall Street Journal miongoni mwa bidhaa za kuuzwa, yakanunuliwa kwa dola 250,000. Nani kati yetu angeamini tangazo hilo? Hofu ya namna hiyo ilikwisha kummaliza mtu. Mwaka 1883 Moses Shapira, muuza vitu vya kale wa Yerusalemu, alipeleka London vipande vya ngozi alivyodai ni Kumbukumbu la Torati la kale, akitaka pauni milioni moja, akaambiwa hadharani kuwa ameghushi, na mwaka uliofuata akajiua katika hoteli mjini Rotterdam. Vipande vyake vimepotea, na wasomi wachache wamerudi kuuliza kama alionewa.

Karani wa Kilindini

Mwalimu, umesema haki, lakini kumbuka kilichoyaokoa magombo ya Kando. Mwaka 1949 wanaakiolojia waliingia katika pango la kwanza wenyewe, wakapata sakafuni vipande vilivyotoka katika baadhi ya magombo yaliyokuwa yameshauzwa. Mzigo na ghala vilikubaliana. Sina zaidi ninaloliomba kwa mzigo wowote.

Mwana wa Ndia Kuu

Nawashukuru nyote, na hasa Bi wa Kibokoni, ambaye amenifanya nione aibu: bibi mwenye nyumba sasa atakuwa mhusika mkuu wa pili, na ndiye atakayesema kwamba uani mwake palikuwa na mkomamanga uliokatwa siku chache kabla ya mafundi kufika, bila yeye kuagiza. Wageni wa Ulaya nimewafukuza, isipokuwa mmoja, ambaye si muuaji tena bali ni mnunuzi. Padri hatatoweka. Baba wa Neema na Yeremia wake mfupi wanaingia katika sura ya tano.

Nimebakiwa na swali moja kwa Chekecheke. Neema hana maabara, hana fedha, na ana siku saba kabla mnunuzi hajafika. Atajuaje kwamba mtungi haukukaa ardhini miaka mia nne, kwa kutumia macho yake tu?

Chekecheke

Aanze na lami ya kizibo: aitazame kwa kioo cha kukuza kama kuna vijizizi vilivyojipenyeza kati yake na mdomo wa mtungi, maana mkomamanga wa bibi usingeuacha ufa bure kwa muda huo wote. Kisha auache mtungi kivulini ukauke taratibu. Udongo wa karibu na bahari hujaza chumvi ndani ya vyungu, na chungu kilichokaa humo muda mrefu, kikitolewa na kukauka, hutoa unga mweupe juu ya ngozi yake, tunaufuta leo na kesho umerudi. Mtungi wa Neema ukae dirishani siku zote saba, mweusi na safi, na kila asubuhi bibi apite aupanguse kwa kidole na kukitazama kidole chake.